Kigari cha mtoto na njia zetu: kinachoifaa familia inayokua Unguja na Pemba

Vigari vingi vya watoto vinavyoonekana Unguja na Pemba havikuchaguliwa na watu wanaovisukuma. Vimeletwa na shangazi aliyetoka Maskati, vimetumwa ndani ya kontena kutoka Uingereza pamoja na mafriji na magodoro, au vimenunuliwa Dubai na baba aliyekwenda kuchukua bidhaa za dukani kwake na akakumbuka siku ya mwisho kwamba mkewe anakaribia kujifungua. Mnunuzi alikiona kigari kikiwa juu ya sakafu laini ya duka, akakisukuma hatua chache, akavutiwa na rangi yake na mfuko wake wa chini, akalipa. Baada ya miezi miwili au mitatu kigari hicho kiko ukumbini, kimejazwa nguo zilizoanuliwa, na mtoto yuko mikononi mwa dada yake.

Si kwamba kigari hakina kazi kwetu. Mama anayetoka na mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo tisa au kumi, huku ana mkoba, mwavuli na mtoto mwengine wa kumshika mkono, anakihitaji kweli. Tatizo ni kwamba tunaanza na swali lisilo lake. Tunauliza kigari kipi ni kizuri, ilhali la kuuliza ni njia gani kitakayopita kila wiki, kuanzia chumbani hadi kliniki, sokoni na nyumbani kwa bibi, na katika njia hiyo mbeleko inaishia wapi. Kwa maoni yangu, familia nyingi za Zanzibar zikilijibu swali hilo kwa ukweli zitagundua kwamba zinahitaji kigari cha kiti kimoja, kinachonunuliwa mtoto akishaanza kukaa wala si kabla hajazaliwa, na ambacho magurudumu yake yamechaguliwa kwa kufuata mahali zinapoishi.

Inafaa kukumbuka vitu hivi vilibuniwa kwa ajili ya nani. Kigari cha mwanzo kinachotajwa sana katika historia kilibuniwa na William Kent mwaka 1733 kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, kabaila mkubwa huko Uingereza, nacho kilikuwa kigari cha kukokotwa na mnyama mdogo ndani ya bustani ya kasri. Mabadiliko makubwa kwa mtu wa kawaida yalikuja mwaka 1965, pale Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulika na miguu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire, alipotengeneza kigari cha mabomba ya alumini kinachokunjika kama mwavuli na chenye uzito usiofika kilo tatu. Karibu kila kigari kinachouzwa leo kinaegemea upande mmoja kati ya jamii hizo mbili: kuna vile vya bustanini, vikubwa, vizito na vyenye starehe, na kuna vile vya safarini, vyepesi na vya kukunja. Zawadi zinazotufikia kutoka nje aghalabu ni za jamii ya kwanza, kwa sababu ndizo zinazoonekana zina heshima.

Sehemu ya bei ghali katika seti kubwa ni kikapu cha kulaza mtoto mchanga, ambacho huchomekwa juu ya fremu na baadaye kubadilishwa kwa kiti. Sababu yake ni ya kweli: mtoto ambaye hajaweza kuishika shingo yake hapaswi kukalishwa wima kwa muda mrefu, na ushauri unaotolewa ni alazwe bapa mpaka afike kiasi cha miezi sita. Huko Ulaya, ambako mama hutoka na mtoto wa wiki moja kwenda dukani, kikapu hicho kina faida kubwa. Kwetu mzazi hukaa arubaini. Kwa siku hizo zote mtoto hatoki, na safari yake ya kwanza ya maana ni ya kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita, kisha ya wiki ya kumi na ya kumi na nne. Ukizitoa siku za arubaini katika miezi sita, unabakiwa na miezi minne na kitu ya kukitumia kikapu, na safari za miezi hiyo ni chache, tena ni za mtoto ambaye bado ni mwepesi na ambaye hutulia zaidi akiwa kwenye mbeleko, kifuani kwa mama yake. Ninaona ni vigumu kuitetea gharama hiyo.

Isipokuwa kwa watu watatu. Wa kwanza ni mama aliyejifungua kwa upasuaji na bado ana maumivu, wa pili ni aliyepata pacha, na wa tatu ni bibi mwenye mgongo mbovu ambaye ndiye anayebaki na mtoto wakati mama yuko kazini. Kwa hao kikapu cha kulala, au angalau kiti kinachorudi nyuma mpaka kikawa bapa kabisa, ni haja wala si anasa, na ndugu walioko nje wakiuliza walete nini waambiwe hivyo waziwazi.

Tuzitazame njia zenyewe. Anayekaa Mji Mkongwe anajua kwamba kutoka Mkunazini hadi Darajani njia inabanwa na baraza za nyumba, vespa zilizoegeshwa, baiskeli, na rikwama la mtu anayeleta mizigo dukani. Kigari cha kiti kimoja huwa na upana wa sentimita 50 hadi 60, na hicho kinapita ijapokuwa kwa kusubiriana. Kigari cha viti viwili vilivyo ubavu kwa ubavu kina sentimita 75 au zaidi, nacho kinaikamata njia nzima. Kabla ya njia kuna mlango. Milango yetu ya kuchonga ina mbawa mbili, na kwa desturi hufunguliwa ubawa mmoja tu, huku ule mwengine ukiwa umefungwa kwa komeo. Juu ya hayo kuna kizingiti cha chini ambacho hata mtu mzima hukiruka kwa kuinua mguu. Anayetaka kununua kigari na achukue futi kwanza, apime ubawa mmoja uliofunguliwa, si mlango mzima.

Waliohamia majumba ya ghorofa wana kizuizi chengine, nacho ni ngazi. Katika majumba ya Michenzani na mengine ya namna hiyo, mama wa ghorofa ya tatu ana mambo mawili ya kupandisha, mtoto na kigari, na mikono yake yote miwili imeshapata kazi. Kigari cha kilo 13 hakipandishwi kila siku na mtu mwenye mtoto begani. Kitaachwa chini ya ngazi, na kilichoachwa chini ya ngazi hulowa, huchezewa na watoto wa jirani, au huondoka. Kwa familia hiyo kigari cha kilo tano au sita, chenye mkanda wa kukitundika begani, kina thamani kuliko kile cha bei mara tatu yake.

Jambo hilohilo linahusu daladala na boti. Utingo atakipandisha kigari juu ya keria bila ya kuuliza, lakini hatasubiri mama atafute kitufe cha kukikunjia. Bandarini Malindi, abiria wa boti ya Dar es Salaam au ya Mkoani hupanda kwa msukumano, na daraja la kupandia huinama kwa kufuata maji. Kwa hiyo kipimo kizuri ukiwa dukani ni hiki: mshike mtoto, au mfuko wa mchele wa kilo tano kama hukwenda naye, kwa mkono mmoja, kisha ukikunje kigari kwa mkono wa pili. Ukihitaji msaada wa muuzaji, basi utauhitaji msaada wa mtu kila siku, na muuzaji hatakuwapo.

Ukitoka mjini hesabu inabadilika, na Pemba inabadilika zaidi. Kisiwa hicho ni cha vilima na mabonde. Barabara za Chake Chake, Wete na Mkoani zinapanda na kushuka, na vichochoro vya vijijini vina udongo mwekundu ambao wakati wa masika hushika gurudumu dogo mpaka lisizunguke. Vigari vyepesi vya mwavuli vina magurudumu madogo ya plastiki yaliyofanyiwa sakafu na lami. Hayo yakikutana na mchanga wa Makunduchi au tope la Konde, msukumaji atageuka mvutaji. Anayeishi huko afadhali avumilie uzito na achukue kigari chenye magurudumu makubwa ya mpira wa kujazwa upepo, hasa vile vya magurudumu matatu vilivyobuniwa kwa ajili ya wazazi wanaokimbia mazoezi. Nasi hatutakimbia, lakini fremu iliyostahimili kukimbizwa hustahimili mashimo. Kwenye vilima breki ichunguzwe kuliko kitu chengine chochote: ikanyagwe kigari kikiwa kwenye mteremko na kikiwa na mzigo, na ikiwa kitatambaa hata kidogo kirudishwe rafuni. Kamba fupi ya kufunga kifundo cha mkono, ambayo huja na baadhi ya vigari na ambayo watu huikata kwa kuona inawasumbua, ina kazi yake huko.

Magurudumu ya upepo yana sifa nyengine ambayo katalogi za ughaibuni haziitaji. Yanatengenezeka. Magurudumu ya inchi 12 au 16 hutumia tairi na tyubu za ukubwa uleule wa baiskeli za watoto, na fundi baiskeli hakosekani Unguja wala Pemba. Ataziba pancha, atabadilisha beringi, atanyoosha rimu. Gurudumu la plastiki ngumu likivunjika kikombe chake cha katikati, hakuna fundi wa kulirejesha, na kiwanda kilicholitengeneza hakina wakala hapa. Nimeona vigari vya fahari vimetupwa kwa kukosa gurudumu moja la mbele. Kwa hiyo, baina ya vigari viwili vya bei moja, mimi ningekichukua kile ambacho fundi wa mtaani anaweza kukifungua kwa spana zake.

Halafu kuna chumvi. Hewa ya bahari inaingia kila pahala katika visiwa hivi, na chuma kisichopakwa rangi vizuri hushika kutu kuanzia kwenye skrubu, springi za kukunjia na vyuma vya breki, yaani pale hasa ambapo kukwama kwake ni hatari. Fremu ya alumini hustahimili zaidi, ingawa skrubu zake huwa za chuma. Anayempeleka mtoto Forodhani jioni au ufukweni siku ya sikukuu akifuta magurudumu kwa maji baridi na kutia tone la mafuta kwenye maungio kila baada ya wiki chache atakipa kigari miaka ya ziada. Ni kazi ya dakika tano, na hakuna anayeifanya.

Suala la joto nadhani ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kidogo kabisa. Desturi yetu mtoto akilala ni kumfunika. Mama hutandika kanga au mtandio juu ya paa la kigari ili jua na nzi wasimsumbue, na anayeona husema huyo mama anamjali mwanawe. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi lilipima jambo hilo kwa kigari kilichowekwa juani: ndani yake mlikuwa na nyuzi 22 kabla ya kufunikwa, zikafika 34 baada ya nusu saa ya kufunikwa kwa kitambaa chepesi, na 37 ilipotimia saa moja. Huo ulikuwa ni msimu wa joto wa Uswidi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, sisi tunaanzia juu ya nyuzi 30 kivulini. Mtoto mchanga hana uwezo wa mtu mzima wa kulipoza mwili wake, wala hawezi kuivuta kanga aitupe.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney huko Australia walionesha kwamba kitambaa kikavu huongeza joto ndani ya kigari, na kwamba kitambaa chepesi kilicholoweshwa maji hulipunguza, hasa kikisaidiwa na feni ndogo. Hilo ni la kutumiwa, lakini kwa tahadhari, kwani maji hupoza kwa kukauka, na hewa ya kwetu yenye unyevu mwingi huyachelewesha kukauka. Kilicho bora ni kuchagua tangu mwanzo kigari chenye paa refu linaloshuka mbele, chenye dirisha la wavu nyuma ya mgongo wa mtoto ili upepo upite, na chenye kitambaa cha rangi ya mwangaza. Vigari vyeusi vilivyoshonewa sponji nene ni vya nchi za baridi. Ikiwa umeshaletewa, toa sponji lake na umlaze mtoto juu ya kipande cha kanga ya pamba. Mbu wakitoka magharibi, chandarua cha matundu hufanya kazi ambayo mtandio unajaribu kuifanya, na pumzi ya mtoto haizibwi.

Nikiri kwamba hapa hoja zinapingana. Kigari chepesi ninachokisifu kwa ajili ya mjini hukaa chini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza mwaka 2018 kwamba mtoto aliye kigarini barabarani hukabiliwa na moshi mwingi kuliko mtu mzima anayemsukuma, kwa sababu pua yake iko karibu na mabomba ya magari. Foleni ya Darajani saa za mchana, pamoja na vespa na bodaboda zake, si mahali pa kumkalisha mtoto sentimita 50 juu ya ardhi. Sioni suluhisho ndani ya kigari. Suluhisho liko katika kuchagua njia za ndani badala ya barabara kuu pale inapowezekana, na katika njia za waendao kwa miguu ambazo barabara mpya huwekewa na kisha hugeuzwa maegesho ya magari na viwanja vya meza za biashara. Mzazi anayeteremsha kigari barabarani ili aipite gari iliyoegeshwa juu ya njia ya miguu hafanyi hivyo kwa kukosa hadhari.

Nakuja kwenye familia inayokua. Mimba ya pili inapoonekana, watu wengi hufikiria kigari cha viti viwili. Lakini hebu tuhesabu. Wengi wetu hufuata mafundisho ya kunyonyesha miaka miwili kamili, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyengine. Kwa familia iliyofuata utaratibu huo, mdogo anapotoka arubaini mkubwa ameshakaribia au kupita miaka mitatu. Hata kwa walioharakisha, mkubwa ana miaka miwili na anatembea. Katika miezi ya mwanzo mdogo yuko kwenye mbeleko, na mkubwa, ambaye hutembea mpaka anapochoka kisha hukaa chini katikati ya njia, anabaki na kigari chake kilekile. Mdogo anapoweza kukaa, mkubwa kazi yake ni kutembea. Hakuna kipindi kirefu ambapo wote wawili wanahitaji kiti kwa pamoja. Na kuna faida isiyo ya fedha: mtoto aliyepata mwenzake, ambaye ameshanyang'anywa titi na paja la mama, hanyang'anywi na kigari siku ileile.

Kwa kipindi kifupi cha katikati kuna kibao cha kusimamia, chenye magurudumu yake mawili, kinachofungwa nyuma ya kigari. Kinasaidia kwenye lami, lakini humgonga msukumaji miguuni, na kwa mwanamke aliyevaa buibui refu hilo si jambo dogo. La hatari zaidi ni mkubwa kuning'inia kwenye mpini wa kigari chepesi, au mama kutundika hapo mikoba ya sokoni. Kilo nne za ndizi na samaki zikiwa nyuma, na mtoto wa kilo saba mbele akateremshwa ghafla, kigari huanguka kwa nyuma. Na mara nyengine huanguka mtoto akiwa bado amefungwa ndani. Pacha wana hukumu yao. Kwao viti viwili haviepukiki, na kwa Mji Mkongwe ningeshauri vile vya kufuatana mbele na nyuma, vyenye upana wa kimoja, ijapokuwa ni vizito kuvigeuza kwenye kona.

Kuhusu mitumba, sina kinyongo nayo. Fremu nzuri iliyotumika Ulaya miaka miwili inaweza kuishinda mpya iliyotengenezwa kwa haraka. Ila kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa hapa hana njia rahisi ya kulijua. Novemba 2009 vigari takriban milioni moja vya Maclaren viliitwa virudi nchini Marekani, baada ya kuripotiwa visa 12 vya watoto kukatika ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinafunguliwa, na wenye navyo wakapewa vifuniko vya kuzifunika bawaba hizo. Tangazo la namna hiyo huwafikia wateja wa nchi husika. Haliingii ndani ya kontena pamoja na mzigo. Anayenunua kigari kilichotumika basi na apitishe kidole chake mwenyewe, kwa utaratibu, kwenye kila ungio, na mtoto awe mbali wakati wa kukunja na kukunjua, kiwe cha kampuni yoyote ile. Kufuli ya kukunjia iwe na kizuizi cha pili, ili moja ikiachia nyengine ishike. Mkanda uwe na sehemu tano, za mabega mawili, za nyonga mbili na ya katikati ya miguu, na kifungio chake kibane kwa sauti. Mkanda uliopauka kwa jua hushonwa upya na fundi cherehani wa mikoba, si wa nguo.

Uzito wa mtoto ndio unaoamua mwisho. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1888, ambacho namba yake huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika fremu, kina sehemu ya vigari vya watoto wasiozidi kilo 15 na sehemu nyengine ya vile vinavyofika kilo 22. Watoto wengi hufika kilo 15 baina ya miaka mitatu na minne, na hapo tena hawataki kusukumwa. Kigari kilichotunzwa kitakuwa bado kina nguvu za mtoto wa mtu mwengine. Anayempa jirani ampe na skrubu zilizobaki na kile kitabu cha maelezo kama hakijapotea, amwambie ni gurudumu lipi lilibadilishwa beringi, na amwoneshe breki ya upande gani huhitaji kukanyagwa mara mbili.